Aaron Dennison, fundi wa saa aliyeondoshwa katika nyumba aliyoijenga



Katika gazeti letu tunapenda kuwaletea maisha ya mtu wa zamani ambaye jina lake lilijulikana. Mara nyingi ni mfalme, ni mkubwa wa vita, ao ni mtu wa elimu nyingi. Mara hii tumechagua fundi. Jina lake ni Aaron Lufkin Dennison. Kwao Marekani, wale wanaojua historia ya saa wanamwita baba wa kazi hiyo.

Juu ya nini tumemchagua? Ni kwa sababu maisha yake yanatuuliza swali gumu. Mtu akiwa na wazo zuri, akilitumikia miaka na miaka, kisha wengine wakija kuvuna yale aliyopanda, je, mtu huyo ameshindwa ao ameshinda? Tulipozungumza habari hii darasani tulibishana sana, hata kengele ikalia hatujapatana. Mwisho wa makala tutawaambia namna mabishano yalivyokwenda. Kwanza musikie maisha yake.

1. Mtoto wa mshona viatu

Aaron Dennison alizaliwa tarehe 6 Machi 1812 huko Freeport, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki ya Marekani. Baba yake, Andrew Dennison, alikuwa fundi wa viatu. Nyumba yao haikuwa na mali nyingi. Aaron angali kijana mdogo alibebea wajenzi vitu vyao, akachunga ngombe za watu, kisha akakaa karibu na baba yake kushona viatu.

Hapo kwenye kiti cha mshona viatu tayari tunaona akili yake ilivyokuwa. Munajua fundi wa viatu anavyofanya: anaanza kiatu kimoja, anakimaliza, kisha anashika kingine. Kijana Aaron alimshauri baba yake wafanye namna nyingine: kukata ngozi za viatu vingi pamoja, kisha kushona vyote, kisha kumaliza vyote. Yaani kazi moja ifanyike mara nyingi mbele ya kwenda kwa kazi ingine. Jambo dogo, sivyo? Lakini wazo lile alilolipata kwenye ngozi za baba yake, ndilo alilokwenda nalo maisha yake yote.

Mwaka 1830, alipokuwa na miaka 18, aliingia kujifunza kwa fundi James Carey, aliyetengeneza saa katika mji wa Brunswick, palepale Maine. Alikaa huko karibu miaka mitatu. Mwaka 1833 akaenda katika mji mkubwa wa Boston kutafuta kazi na kuongeza ufundi. Alitumika katika nyumba zilizouza dhahabu na saa, na huko alikaa pamoja na mafundi hodari waliokuwa na miaka mingi katika kazi hiyo.

2. Saa ya mfukoni ya wakati ule

Ili tufahamu mambo yanayofuata, inafaa tuseme kidogo habari ya saa ya wakati ule. Saa za mkono zilikuwa hazijazoeleka. Watu walibeba saa mfukoni na mnyororo wake. Ndani ya saa kuko resori, ndiyo kile chuma chembamba kilichokunjwa kinachotoa nguvu. Kuko magurudumu madogo yenye meno yanayopokezana nguvu ile. Kuko gurudumu moja linalokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, ndilo linalopima wakati. Tena kuko visi nyingi, ndogo kama mbegu za mchicha. Ukihesabu vyote, saa moja inapita vipande mia moja.

Karibu saa zote ambazo Wamarekani walinunua wakati ule zilitoka Uingereza na Uswisi. Huko hazikutengenezwa na mtu mmoja. Huyu nyumbani kwake alifanya magurudumu, yule katika kijiji kingine alifanya resori, mwingine maganda. Kisha fundi wa mwisho alikusanya vipande, na kwa tupa yake alikata hapa, akapunguza pale, mpaka vikapatana. Kwa hiyo saa mbili za fundi mmoja hazikuwa mapacha. Gurudumu la hii halikuingia katika ile.

Sasa fikirini kinga, yaani baiskeli. Ekru yake ikipotea njiani, munafanya nini? Munaenda sokoni, munanunua ekru ya kipimo kile kile, munafunga, safari inaendelea. Hakuna mtu anayeita mfua chuma aje kutengeneza ekru mpya kwa nyundo na moto. Lakini kwa saa za wakati ule mambo yalikuwa hivyo hivyo kama kumwita mfua chuma. Meno ya gurudumu yakivunjika, fundi alikaa akatengeneza gurudumu lingine kwa mikono, kwa ajili ya saa ile moja tu. Ndiyo sababu saa ilikuwa na bei kali, na kuitengeneza pia bei kali. Mtu wa kazi za mikono hakuwa nayo. Alisikiliza kengele ya kanisa ao ya kiwanda, na tajiri wake ndiye aliyejua saa ngapi.

Dennison, kila siku alipofungua saa za watu, aliona makosa. Hata katika saa zenye jina kubwa aliona vipande vilivyolazimishwa kukaa fasi isiyo yao. Akaanza kufikiri kwamba mkono wa fundi, hata uwe hodari namna gani, hauwezi kufanya kitu kimoja mara elfu bila kubadilika. Mashini inaweza.

3. Kipimo na masanduku ya karatasi

Mwaka 1839 Dennison alifungua duka lake mwenyewe huko Boston. Alitengeneza saa za watu, akauza vyombo na vipande kwa mafundi wengine. Hapo akakutana na matata ya vipimo. Fundi mmoja aliita resori fulani kwa namba moja, fundi wa pili akaiita kwa namba ingine. Ukitaka kuagiza resori, hujui utapata nini. Kwa hiyo karibu na mwaka 1840 alifanya chombo cha kupimia resori, na kipimo chake kikaenea katika maduka ya mafundi.

Ndugu wasomaji, musipite haraka hapa. Kazi kubwa ya maisha yake haikuanza na mashini, ilianza na kipimo. Watu wasipokuwa na kipimo kimoja, hawawezi kutumika pamoja, kila mmoja anabaki na desturi yake.

Mwaka 1844 alianza kazi nyingine ndogo. Wauza dhahabu na saa walihitaji visanduku vya karatasi ngumu vya kuwekea pete na herini, na visanduku vile vilitoka Ulaya. Dennison akanunua karatasi, akaenda nazo nyumbani kwa baba yake Brunswick. Mzee Andrew, yule mshona viatu, pamoja na jamaa yake wakaanza kukata na kubandika visanduku nyumbani, navyo vikauzwa Boston. Kisha ndugu yake Aaron, jina lake Eliphalet, akaipokea kazi hiyo. Muweke jambo hili katika kichwa, kwa sababu tutarudi kwake.

4. Bunduki zilizomfundisha kutengeneza saa

Katika miaka ya 1840 Dennison alikwenda kutazama kiwanda cha serikali katika mji wa Springfield, ambamo walitengeneza bunduki za jeshi. Huko aliona kwa macho yake jambo alilokuwa akiliota. Kila kipande cha bunduki kilikatwa na mashini, kikapimwa kwa kipimo kimoja, hata kipande cha bunduki hii kiliweza kuingia katika bunduki ile. Askari akivunja kipande vitani, anapewa kingine, basi.

Dennison akajiuliza: kama inawezekana kwa bunduki, itashindikana kwa saa? Wengi walifikiri kwamba haiwezekani. Bunduki ni chuma kikubwa. Ukikosea kwa unene wa unywele, bado inapiga. Lakini katika saa, unywele mmoja ni kosa kubwa sana. Unene ambao macho hayauoni ndio unaofanya saa iende ao isimame.

Mwaka 1849 alimpata mtu wa kumsikiliza. Alikuwa Edward Howard, mwenye kutengeneza saa kubwa za ukutani na mizani pamoja na mwenzake David Davis, katika kiwanda chao huko Roxbury, karibu na Boston. Howard alijua maana ya kipimo, kwa kuwa mtu wa mizani hawezi kucheza na kipimo. Wakapata pia mwenye mali, Samuel Curtis, aliyetoa dolari 20.000. Dennison akasafiri mpaka Uingereza kutazama kazi ya huko na kununua vitu ambavyo havikupatikana Marekani. Mwaka 1850 kazi ikaanza Roxbury.

Mwanzoni hawakutaka watu wajue wanafanya nini. Kwa hiyo kompani ilichukua jina la Warren, ndiye jenerali mmoja wa zamani aliyezaliwa Roxbury. Mtu akisikia jina lile hawezi kufahamu kwamba ndani munatengenezwa saa. Baadaye ikaitwa Kompani ya Saa ya Boston.

5. Miaka ya taabu

Wapenzi wasomaji, musifikiri kwamba kwa kuwa wazo lilikuwa zuri, kila kitu kilikwenda vizuri. Hapana. Dennison alitaka saa yao ya kwanza iende siku 8 bila kujazwa. Walitengeneza chache, wakaona haishiki wakati vizuri. Wakaiacha na kuanza upya na saa ya kujazwa kila siku. Wakapoteza wakati, wakapoteza feza. Tena mashini za kazi kama hii hazikuuzwa popote duniani. Ilibidi kwanza watengeneze mashini, kisha mashini ndiyo itengeneze saa. Na mashini zingine ambazo Dennison alizifikiri hazikutumika vizuri. Ilihitaji mafundi wengine, kama Charles Moseley, kuzitengeneza mpaka zikakubali.

Mwaka 1852 saa 17 za kwanza zilikuwa tayari. Wakubwa wa kompani waligawana zenyewe pamoja na rafiki zao. Mwaka uliofuata wakaanza kuuzia watu wote.

Lakini Roxbury ilikuwa na vumbi nyingi. Na vumbi ni adui wa saa: chembe moja ikiingia kati ya meno, saa inasimama. Kwa hiyo mwaka 1854 walihamia Waltham, mji mdogo kando ya mto Charles, fasi yenye hewa safi na miti. Wakajenga kiwanda kikubwa, na nyumba za watumishi karibu yake. Mule ndani walitumika wanaume na wanawake, na tangu mwanzo wanawake walikuwa wengi, kwa kuwa kazi ilihitaji vidole vyepesi na uvumilivu.

Kiwanda, mashini, nyumba, mishahara: vyote vilikula feza kupita saa zilivyoleta. Deni likapanda. Katika mwaka 1857 Kompani ya Saa ya Boston ikaanguka, na mwezi wa Mei kiwanda kikauzwa kwa mnada. Aliyekinunua ni Royal Robbins, mfanyabiashara wa saa kutoka New York, kwa dolari 56.500. Howard akarudi Roxbury na saa zilizokuwa hazijamalizika, akaanza kompani yake mwenyewe. Dennison akabaki Waltham kuongoza kazi, lakini sasa kama mtumishi wa mwingine. Fikirini jambo hilo. Asubuhi anaingia kwa mlango ule ule, anaona mashini zile zile, lakini hakuna kilicho chake.

6. Kuondoshwa

Mwaka ule ule wa 1857 shida kubwa ya feza ikapiga Marekani yote. Mabanki yakafungwa, biashara zikafa. Robbins alikuwa mtu wa hesabu na wa kichwa kigumu. Alipunguza mishahara, lakini hakufunga kiwanda. Mashini ziliendelea kuzunguka. Mwaka 1859 mambo yakapangwa upya, na nyumba ikaitwa Kompani ya Saa ya Marekani.

Kisha ikaja vita ya wenyewe kwa wenyewe, kutoka mwaka 1861 mpaka 1865. Vita inaharibu vitu vingi, lakini kwa Waltham ilifungua soko. Askari maelfu na maelfu, mbali na kengele ya kanisa lao, walitaka saa ya mfukoni. Kiwanda kikatengeneza saa ya bei ya chini iliyoitwa William Ellery, na askari wakainunua kwa wingi. Ndipo wazo la Dennison likatimia: saa ikaingia katika mfuko wa mtu wa kawaida.

Na ni wakati ule ule Dennison alipoondoshwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1860, yeye na wenye kiwanda hawakupatana tena juu ya namna ya kuongoza kazi, nao wakamtoa. Mtu aliyeota kiwanda kile, aliyewatafuta wenye feza, aliyechagua kuhamia kando ya mto Charles, akatoka nje mlango ukafungwa nyuma yake. Alikuwa na karibu miaka 50.

Sisi hatukuja kumhukumu Robbins. Ni yeye aliyeokoa kiwanda wakati wa shida, na bila yeye labda mashini zingeuzwa kama vyuma vikuukuu. Lakini moyo wetu uliuma tulipofika hapa, na tunafikiri wenu pia utauma.

7. Zurich, na kuanguka tena

Je, Dennison alikaa chini na kulia? Mwaka 1864 alianza tena. Pamoja na watu wengine wa Boston akaunda Kompani ya Tremont. Safari hii alikuwa na shauri jipya. Mishahara ya Marekani ilikuwa juu, na kule Uswisi mafundi walikuwa wengi na wa bei ya chini. Basi vipande vikubwa vitengenezwe Boston kwa mashini, na vile vidogo vya taabu vitoke Uswisi. Dennison mwenyewe akaenda kukaa Zurich kusimamia kazi ya huko.

Shauri hilo lilikuwa la akili. Hata leo viwanda vingi vya dunia vinafanya hivyo: kipande kimoja kinatoka inchi hii, cha pili inchi ile, kisha vyote vinakusanywa pahali pamoja. Lakini wenzake wa Boston walitaka kufanya vipande vyote palepale Marekani. Mwaka 1866 wakahamisha kiwanda mpaka mji wa Melrose. Dennison hakukubali, akatoka. Karibu mwaka 1868 kompani ile ikaanguka.

Mara ya kwanza aliangushwa na deni. Mara ya pili aliondoshwa na wakubwa. Mara ya tatu wenzake hawakumsikiliza. Wangapi kati yetu wangeanza mara ya nne?

8. Birmingham

Dennison hakurudi kukaa Marekani. Alikwenda Uingereza, katika mji wa Birmingham, ambao ni mji wa mafundi wa chuma. Mashini za kompani iliyokufa zilipelekwa huko, na Waingereza wakazitumia kuanza kiwanda cha saa. Yeye mwenyewe, katika miaka ya 1870, akageukia kazi moja ambayo wengi hawakuitazama: kutengeneza maganda ya saa, yaani ile nyumba ya feza ao dhahabu inayofunika mashini yote.

Na mnajua nani alikuwa kati ya wanunuzi wake wa kwanza? Ni ofisi ya London ya kompani ya Waltham! Saa za kiwanda kilichomwondosha zilifika Uingereza bila ganda, na Dennison akazivalisha. Hatujasoma mahali popote kwamba alikataa kazi yao kwa hasira. Alipima, akakata, akauza.

Kazi hiyo haikuanguka. Ilikua mwaka kwa mwaka, na mtoto wake Franklin akaishika pamoja naye na nyuma yake. Aaron Dennison alikufa huko Birmingham tarehe 9 Januari 1895, mwenye miaka 82. Kiwanda chake cha maganda kiliishi mpaka mwaka 1967, miaka 72 nyuma ya kifo chake, na maganda yake yalifunika saa za majina makubwa ya Uswisi.

9. Mambo yaliyofuata

Sasa tutazame mbegu zake zilikwenda wapi.

Waltham ilikuwa kompani kubwa sana. Mwaka 1864, wafundi wengine walitoka humo wakaenda karibu na Chicago kuanzisha kiwanda cha Elgin, nacho kikawa mshindani mkubwa. Mwaka 1876, kwenye maonyesho ya dunia katika mji wa Philadelphia, watu walishangaa kuona mashini za Waltham zinazokata visi zenyewe bila mkono wa mtu. Waswisi walituma wajumbe, mmoja wao injinia Jacques David, kutazama mambo hayo. David alirudi kwao na habari ya hofu: tusipobadilika, tutakufa. Waswisi wakasikia, wakabadilika, wakaleta mashini na vipimo katika viwanda vyao. Kwa hiyo wazo la Dennison, lililozaliwa kwa kuona makosa ya saa za Ulaya, lilirudi Ulaya na kuziponya.

Waltham ilitengeneza saa zaidi ya milioni 30. Wafanyakazi wa gari la moshi walizitumia kuongoza safari, ambako dakika chache za kukosea zinaweza kugonganisha magari mawili kwenye njia moja. Lakini nayo ilifika mwisho wake. Mwaka 1949 ilianguka kwa deni, kama baba yake mwaka 1857, na mwaka 1957 ikaacha kutengeneza saa Marekani. Majengo yake bado yanasimama kando ya mto Charles, lakini ndani muna ofisi na nyumba za kukaa watu.

Na vile visanduku vya karatasi? Ile kazi ndogo ya mzee mshona viatu, iliyoanza na karatasi na gundi ndani ya nyumba? Eliphalet aliikuza, ikawa kompani ya visanduku na vikaratasi vya kubandika kwenye vitu dukani ili kuonyesha bei. Mwaka 1990 iliungana na kompani nyingine, na mpaka leo jina la Dennison liko katika jina lake, Avery Dennison. Saa kubwa ilikufa, kisanduku chake kikabaki. Mambo ya dunia ndivyo yalivyo.

10. Mabishano yetu

Tuliahidi kuwaambia namna tulivyobishana. Wengine wetu walisema Dennison alishindwa. Hakujua kuhesabu feza, alitaka saa ya siku 8 mbele ya kujua kutengeneza ya siku moja, na kila alipoanza kazi alijenga kupita uwezo wake. Wazo peke yake halilipi mishahara. Hao walisema afazali kuwa Robbins.

Wengine walijibu kwamba bila Dennison, Robbins asingekuwa na kitu cha kununua kwenye mnada. Tena walisema: tazameni mkono wa mtu yeyote anayepita barabarani. Kama ana saa aliyoinunua kwa mshahara wa siku chache, hiyo ni kazi ya nani?

Wa tatu, nao walikuwa wachache, walisema swali lenyewe halikuulizwa vizuri. Dennison alitaka kipande cha saa hii kiingie katika saa ile, na mtu wa kawaida aweze kujua saa ngapi bila kumwuliza tajiri wake. Jambo hilo lilitimia angali hai, naye aliliona. Jina la nani liliandikwa juu ya mlango, hilo ni jambo lingine.

Sisi tulioandika makala hii tuko upande wa hao wa tatu, lakini hatuwalazimishi. Mubishane nanyi pia, chini ya mti ao katika chumba cha kulala, mbele taa haijazimwa. Tena, kama kuko saa iliyokufa nyumbani kwenu, musiitupe. Ombeni ruhusa kwa baba, muifungue pole pole kwa ncha ya kisu, mutazame magurudumu yake. Kumbukeni kwamba kila jino mutakaloliona kule ndani lilipimwa kwanza.